Soksi Asipande Ngazi

4 Machi

Dada Mkunga,

Nakusalimu kwa heshima zako zote. Shikamoo yako naiandika kwa herufi kubwa usije ukasema hukuisikia: SHIKAMOO. Sisi huku wazima. Mwanangu anatoka asubuhi na mapema, mkwe wangu anamfuata baada ya nusu saa, na mpaka jioni nyumba inabaki na mimi. Nyonga inauma ninapoamka tu, kisha inanisahau. Fimbo nimeizoea.

Habari kubwa hapa ni mbwa. Nilikuambia mkwe wangu anafuga mbwa jike, mweusi, miguu yote minne myeupe, anaitwa Soksi. Jana ametolewa kizazi. Alirudi dawa hazijamtoka, anayumba, macho mekundu, akajikojolea sebuleni kisha akanitazama mimi kama vile nimefanya mimi.

Daktari wa mifugo kampa mkwe karatasi yenye maagizo. Kidonge cha maumivu kila asubuhi pamoja na chakula. Mshono uangaliwe mara mbili kwa siku. Asioge. Asirukie kochi wala kitanda. Asipande ngazi wala kushuka. Mwanangu atambeba asubuhi na jioni, mchana ajisaidie kwenye magazeti kibarazani. Asijilambe kabisa, ndiyo maana kavalishwa plastiki shingoni kama faneli, anagonga kila mguu wa meza. Siku kumi mpaka kumi na nne. Karatasi iliposomwa, wote wakaitikia kwa kichwa, halafu wote wakanigeukia.

"Baba si yupo nyumbani tu," mkwe akasema.

Nipo nyumbani tu. Ndicho cheo changu siku hizi.

Mshono nimeukagua kwa jicho la fundi makochi wa miaka arobaini. Nyuzi saba, zimepangana vizuri, ila fundo la tatu amelivuta mno, ngozi imekunjamana. Angekuwa mwanafunzi wangu ningemfumulisha. Sasa wewe uliyeshona wanawake wasiohesabika, niambie: uvimbe kidogo siku za mwanzo ni kawaida? Na nikigusa pakiwa pamoto?

La pili. Tafadhali ingia karakana mara moja kwa wiki, zungusha gurudumu la cherehani, tia tone la mafuta. Viti sita vya mwalimu mkuu niliviacha sponji tupu. Mwambie avumilie, narudi mwezi wa tano. Tangu nivunjike nyonga nikaletwa huku Novemba nakuuliza habari za karakana na wewe unanijibu habari za kuku.

Barua hii nampa mama anayedeki ngazi, ataiweka posta.

Mdogo wako,
Fundi


13 Machi

Fundi, mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisikia, na majirani wameisikia. Mimi mzima, ila masikio yameamua kustaafu kama mwenyewe. Mwanao alipiga simu Jumapili, akapiga kelele hadi nikamwonea huruma, na nilichoambulia ni "mzima" na "mbwa". Bora karatasi. Karatasi hainong'oni.

Huku bomba la maji limepasuka tena mbele ya nyumba. Jirani yetu muuza nguo kajifungua mapacha, nikaitwa kuwaona ingawa siku hizi sizalishi mtu. Mkunga asiyesikia mtoto akilia arudi nyumbani akafuge kuku. Nao wanataga vizuri.

Kuhusu mgonjwa wako. Uvimbe mdogo na wekundu kiasi siku tatu za mwanzo si neno. Ukiona uvimbe unaongezeka badala ya kupungua, au majimaji yanatoka, au harufu, au anakataa chakula, hapo hakuna kusubiri. Mfunue midomo uangalie fizi. Fizi za pinki, tulia. Zikipauka, kimbia kwa daktari. Mshono usiupake kitu, wala mafuta, wala ile dawa yako unayopaka kila kitu. Na asiruke! Mshono wa ndani hauonekani, na ndio unaoshika mwili.

Nina swali. Barua yako umeiandika tarehe nne, muhuri wa posta ni wa tarehe tisa. Uliniambia mwenyewe posta iko chini ya jengo lenu. Unatoka, Fundi? Daktari wa mifupa alisema utembee kila siku.

Mengine nitaandika siku nyingine, karatasi imekwisha.

Dada yako


14 Machi

Dada,

Barua yako haijafika na sina subira ya kuingoja. Nakusalimu. Wote wazima isipokuwa mlango.

Kuna jambo sikukuambia. Januari niliteleza kwenye ngazi za hapa, ngazi tatu tu, nikaumia kiwiko. Tangu siku hiyo mwanangu na mkwe wakitoka wanafunga kwa nje na funguo wanaondoka nazo. "Kwa usalama wako, Baba." Simu yangu iliharibika, nyingine nimeahidiwa tangu hapo. Barua zangu nazipitisha chini ya mlango, mama anayedeki ngazi anaziokota kwa siku zake. Sikukuandikia kwa sababu nimemlea mtoto huyu mwenyewe tangu mama yake afariki, na sikupenda usome kwamba ananifungia kama kabati.

Sasa sikiliza. Jumatano iliyopita, siku ya tano ya mshono, saa nne asubuhi, gari la taka lilipita likapiga honi. Soksi alikuwa amelala kwenye godoro lake. Akashtuka, akarukia kochi ili achungulie dirishani. Nilimwita, nikamfikia, nimechelewa. Akashuka polepole, akajikunja, akakaa kimya. Nilipomlaza chali nikaona nyuzi mbili zimeachia, zile za chini ya fundo nililokuambia, na damu yenye maji inatoka. Chini ya ngozi pamevimba kama yai.

Nikagonga mlango. Mama wa ngazi hakuwa na zamu. Nikaenda kibarazani kuita. Ghorofa ya nne, barabara ina kelele, mtu mmoja aliinua kichwa akanipungia mkono akaenda zake. Nikarudi kwa mbwa. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama hii karatasi.

Nina mfuko wangu mdogo wa kazi, nilikuja nao nimeuficha kwenye nguo. Nikautoa. Sindano ya kupinda, uzi wa nailoni, bisibisi, koleo. Dada, sindano niliishika. Mkono wangu unajua kufunga ngozi, ya ng'ombe au ya plastiki, nimefunga maelfu. Soksi akanitazama na faneli yake shingoni, hata hakunyanyua kichwa. Nikawaza: mimi najua kushona kilichokufa. Nikairudisha sindano mfukoni, nikachukua bisibisi.

Mlango wetu unafungukia ndani, kwa hiyo bawaba ziko upande wangu. Bawaba tatu, skrubu nne kila moja, zimepakwa rangi juu ya rangi. Ilinichukua karibu saa nzima, nusu yake nimepiga magoti kwenye nyonga unayoijua. Nilikuwa nafungua skrubu mbili, nakwenda kumtazama, narudi. Mlango ulipoachia uliniegemea begani, nikausukuma ukutani. Nikamfunga Soksi tumbo kwa shati langu safi, nikamkumbatia kama mtoto, fimbo nikaiacha. Ngazi sitini na nne. Nilizishuka kwa makalio, moja moja, mbwa kifuani. Mzee mzima! Kijana mmoja wa ghorofa ya pili alinipita, akadhani nimelewa.

Daktari wa mifugo yupo mtaa wa pili, nilimjua kwa anwani ya kwenye karatasi. Ni mwanamke mfupi, mkali. Alimfunua Soksi akasema, "Nyuzi za ndani zimekatika. Anavuja damu ndani." Akaingia naye. Nilikaa kwenye benchi saa moja na nusu nikiwa nimevaa fulana. Alipotoka aliniuliza, "Nani kakwambia umfunge hivi na usimguse kidonda?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Ungesubiri wenye nyumba warudi jioni, usingemkuta hai."

Mwanangu alinikuta pale pale kwenye benchi. Jirani alimpigia simu kwamba nyumba yake iko wazi. Sijawahi kumwona vile.

"Baba, umeng'oa mlango!"

"Nimeufungua. Wa kung'oa angevunja fremu."

"Ungeanguka na mbwa kwenye ngazi je?"

"Sikuanguka."

"Sitaki ukutwe chini tena, Baba. Sitaki kupigiwa simu ile tena."

"Kule karakana nililala chini dakika kumi tu, shangazi yako akaingia."

"Dakika kumi?" akasema, akanitazama muda mrefu.

Nikamwambia, basi nirudishe kwangu, kwangu hakuna ngazi. Akageuka ukutani, akasema kama anaongea na kalenda ya daktari, "Karakana haipo, Baba. Haipo tangu Desemba. Muulize Shangazi. Yeye ndiye aliyesaini."

Dada, nakuuliza. Ulisaini nini?

Fundi


2 Aprili

Fundi, mdogo wangu,

Salamu nyingi. Barua zetu zimepishana njiani, ushauri wangu umekukuta kazi umeshaimaliza. Nimeisoma yako mara tatu nikiwa nimesimama.

Umefanya vyema kutomshona. Kwa kuwa kashonwa upya, anza kuhesabu siku upya, kumi na nne, usipunguze hata moja. Ile plastiki kama inamtia wazimu, mshonee kivazi: chukua fulana ya zamani ya pamba, toboa matundu manne ya miguu, funga mgongoni kwa kamba, acha nafasi ya mkia. Nilishawahi kuona. Kisibane, na kikilowa kibadilishe. Chakula mpe kidogo kidogo. Akilala sana usiogope, kulala ni dawa.

Kuku mmoja ameibwa. Mapacha wa muuza nguo wananenepa.

Jitunze.

Dada yako


19 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Umenijibu kuhusu mbwa.

Haya, ya mbwa ndiyo haya. Kivazi nilikuwa nimeshakishona kwa mkono kabla barua yako haijafika, kutoka fulana ya mwanangu, nikaweka na vishikizo. Kilimkaa vizuri kuliko makochi mengi niliyotoa. Nyuzi zilitolewa tarehe ishirini na nne Machi. Sasa mkwe anashuka naye kila asubuhi, nasikia kucha zake kwenye ngazi, tki tki tki, mpaka chini, halafu sisikii tena. Mlango umerudishwa na fundi mwingine. Kawekea bawaba skrubu zenye kichwa ambacho bisibisi yangu haikishiki. Mfuko wangu wa kazi mwanangu kauweka juu ya kabati lao, "usije ukajichoma." Mkwe ananiletea magazeti. Wananisemesha kwa upole, na upole wenyewe unaniudhi zaidi.

Mgonjwa mmoja kapona karuhusiwa. Mwingine bado.

Barua yako ya Machi ilifika. Ulisema karatasi imekwisha. Nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe, Dada. Niliugeuza na nyuma, kweupe.

Sitaki kuku wala mapacha. Sitakuandikia tena mpaka unijibu nililokuuliza.

Fundi


11 Mei

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Nakusalimu, na shikamoo yako naipokea ingawa sijui kama bado unaitoa kwa moyo.

Nilisaini kurudisha chumba cha karakana kwa mwenye nyumba. Mwanao aliniletea karatasi mwanzoni mwa Desemba, ulipokuwa huko mwezi mmoja tu. Aliniuliza, "Shangazi, unaweza kumtazama akirudi?" Nikasema siwezi. Akasema basi tusimwambie kwanza, ataumwa zaidi. Nikakubali na hilo. Viti vya mwalimu mkuu vilimaliziwa na fundi mwingine. Cherehani kaichukua seremala wa ng'ambo ya barabara. Chumba sasa ni kinyozi. Hayo ndiyo uliyouliza, na ningeweza kuishia hapa, lakini karatasi safari hii haijaisha.

Wewe umemwambia kila mtu kwamba ulianguka asubuhi ile na baada ya dakika kumi nikaingia na chai. Umemwambia daktari, umemwambia mwanao. Uliniambia na mimi, nilipokuinamia, kwa kuandika kwa kidole kwenye vumbi la sakafu, kwa sababu sauti ilikuwa imekwisha kabisa. Mtu aliyeanguka dakika kumi hapotezi sauti, Fundi. Nimekaa na wanawake wakipiga kelele miaka thelathini na mmoja. Najua sauti huchukua muda gani kwisha.

Na nyundo yako ilikuwa mkononi. Na ukuta wa kati ya karakana yako na chumba changu ulikuwa umebanduka rangi mahali pamoja, chini, usawa wa mkono wa mtu aliyelala.

Unajua jinsi nilivyokuwa nikijua kwamba upo? Cherehani ilikuwa ikitetemesha ukuta. Nikiweka kiganja naisikia. Kila siku nikipita niliweka kiganja. Jana yake adhuhuri sikusikia kitu, nikasema kaenda kununua kitambaa. Nikatoka nje nikachambua maharage, nikaongea na watu, nikarudi nikalala. Wewe ulikuwa ukinigongea hatua nne kutoka kitandani kwangu. Tangu adhuhuri hadi kesho yake asubuhi.

Mwanao nilimwambia mimi, siku ile ile hospitalini. Wewe ulificha kwa ajili yangu, mimi nikamweleza, na yeye akaficha kwamba anajua. Ndiyo maana alikutazama vile kwenye benchi. Ndiyo maana anafunga mlango, anakosea, lakini ndiyo maana.

Sikusaini kwa sababu nimekuchoka. Nilisaini kwa sababu nisingeweza kulala tena upande huu wa ukuta na wewe ukiwa upande ule. Ilikuwa kwa ajili yangu. Hilo ndilo nililoshindwa kuandika tangu Desemba.

Nimemwandikia mwanao pia. Nimemwambia nilikuwa napita wodi za hospitali nikiona wagonjwa waliofungiwa wakikauka, na kwamba mtu aliyeshuka ngazi sitini na nne kwa makalio na mbwa kifuani amejua jinsi ya kuzishuka. Nimemwambia akupe funguo. Asipokupa nitakuja mwenyewe nisimame mlangoni nipige kelele, na mimi kelele zangu hazinisumbui.

Unijibu au usinijibu, nitaelewa.

Dada yako


6 Juni

Dada Mkunga,

Shikamoo, na kwa moyo.

Sote wazima. Soksi ameota manyoya tumboni, kovu halionekani mpaka ulitafute kwa kidole. Mkwe wangu ana ujauzito. Ananiuliza mimi maswali ambayo angepaswa kukuuliza wewe, nami namjibu kama najua.

Barua yako kwa mwanangu ilifika siku mbili kabla ya yangu. Alirudi kazini mapema, akakaa mkabala nami bila kuvua viatu. Akatoa funguo mfukoni akaziweka mezani, nyingine akabaki nazo.

"Shangazi kanitukana," akasema.

"Kakutukana vipi?"

"Vizuri."

Halafu akaniambia kwamba siku ile alipopigiwa simu alikuwa kwenye foleni ya kununua mkate, na mpaka leo hawezi kununua mkate pale. Nilikuwa sijui. Nikamwambia nami nisamehe, nilidhani nikisema dakika kumi nitakuwa nimemaliza. Akalia kidogo, mtu mwenye mvi tayari. Tumekubaliana: nikishuka, nashuka asubuhi baada ya waendao kazini kupita na kabla jua halijakali, na napumzika kila ghorofa. Soksi anakwenda nami, bila kamba, ananingoja kwenye kila kona ya ngazi. Siku ya kwanza nilifika chini, nikasimama barabarani dakika tano, sikujua niende wapi. Nikapanda tena. Nakuambia hili kwa sababu nilidhani nikipata funguo nitakuwa nimetoka. Nina funguo, na sina pa kwenda asubuhi. Karakana ndiyo ilikuwa pa kwenda. Sijui kama nitapata pengine. Bado nina hasira na wewe, na sitaki ujidanganye kwamba imekwisha.

Sasa lile jingine. Ndiyo, nilikuita. Kwanza nilikuita Dada, kisha nikakuita kwa jina lako, kisha kwa lile jina la utotoni ulilokataza nisikuite mbele za watu. Nilijua husikii. Tangu mwito wa kwanza nilijua. Niliendelea kwa sababu nilipokuwa nakuita sikuwa peke yangu mle ndani, na nilipokuwa nanyamaza nilikuwa peke yangu. Basi. Sikuwa nakulaumu, nilikuwa nakutumia. Nyundo ilikuwa ya kupumzisha koo.

Nilidanganya kwa sababu uliponiinamia asubuhi ile nilikuona uso. Nilijua ukijua hesabu kamili hutainuka pale sakafuni, na mmoja wetu ilibidi aweze kusimama akatafute gari.

Mwanangu atanileta Ijumaa ya wiki ijayo, nikae kwako siku sita. Chumba cha kinyozi nitakiona, nitapita mbele yake kama mteja. Nitandikie karibu na dirisha. Siku ya kwanza sitakusemesha, hasira yangu inahitaji siku yake. Haitakusumbua, hata ningeongea usingesikia. Siku ya pili nunua daftari kubwa na kalamu mbili, tukae mezani, wewe upande huu na mimi upande ule, tuandikiane.

Mdogo wako,
Fundi